Taa ya LED ya sm 60 na mbolea ya Tropica kwa mimea ya polepole ya tangi la samaki: maoni yangu baada ya kuzitumia

Nianze na nyota kabisa, mwenye haraka achukue chake aende. Taa nyota tatu na nusu kati ya tano. Mbolea ya Tropica Specialised Nutrition nyota nne na nusu. Ile taima ya kuzungusha ambayo muuzaji wa taa alinitupia kama nyongeza nyota moja, tena hiyo moja naitoa kwa sababu haijaunguza soketi.

Haya, kwa wenye muda. Tangi langu ni sm 60 kwa 30 kwa 36, ukitoa mchanga, mawe na gogo linabaki na maji kama lita 55 hivi, lipo sebuleni hapa Dar, halina mtungi wa CO2 (gesi ya kaboni dayoksaidi ya kulishia mimea) na wala sina mpango wa kuuleta. Mimea yote humo ni ya polepole, yaani inayokua taratibu: Anubias nana zimebandikwa kwenye gogo kwa supagluu, Microsorum ile kangaga ya Java, Bucephalandra vishina vichache kwenye mawe, Cryptocoryne wendtii mbele kwenye mchanga, na Bolbitis heudelotii moja kule nyuma karibu na mkondo wa filta. Samaki ni gapi na neoni, siyo wengi. Nayasema haya mapema maana hii tathmini haimfai mtu mwenye zulia la majani mekundu na mtungi wa gesi, yule ana mahitaji mengine kabisa na akifuata ninachosema hapa mimea yake itamlilia.

Taa yenyewe haina jina la maana, ni zile za kichina za boksi jeupe, wati 24, boksi linasema lumeni 2,000 na ushee, ina balbu nyeupe nyingi halafu nyekundu, kijani na bluu zimechanganywa katikati, miguu ya kuvuta inayokaa juu ya kioo, na rimoti ndogo ya waya yenye vitufe vya kupandisha na kushusha mwanga kwa asilimia kumi kumi. Hicho kitufe cha kushusha ndicho kilichonifanya ninunue. Kwenye duka lile kulikuwa na taa nyingine ya bei ya chini yenye wati zilezile bila kitufe hicho na muuzaji alikuwa anaisifia kinoma, "kaka hii inawaka hadi chini kabisa", na ni kweli inawaka hadi chini kabisa, ndiyo maana sikuitaka.

Hapa ndipo watu wengi tunapopishana. Mtu akiona Anubias yake imekaa mwezi bila jani jipya anasema mwanga hautoshi, anaongeza taa. Jamani, Anubias huko kwao Afrika Magharibi na ya Kati inaota kando ya vijito vya msituni, juu ya mawe na mizizi, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Ni mmea wa kivulini. Jani moja linaweza kuchukua wiki kadhaa kutoka na likishatoka linakaa mwaka na zaidi, ndiyo asili yake hiyo, hata uiwekee jua la saa saba mchana haitakimbia. Kitakachokimbia ni mwani. Jani linalokaa muda wote huo mahali pamoja, gumu, linapigwa na mwanga mkali kila siku, ni kiwanja kizuri mno kwa zile nukta za kijani zinazoganda kwenye jani ukizikwangua kwa kucha hazitoki. Mimea ya kasi inakimbia mwani kwa kutoa majani mapya na wewe unakata yale ya zamani unatupa, lakini Anubias yenye majani tisa huwezi kukata matano kila mwezi, utabaki na shina tupu.

Halafu kuna hesabu ya CO2. Bila mtungi, maji ya tangi yana CO2 kidogo tu, miligramu chache kwa lita, na mmea unatengeneza chakula kwa kuunganisha mwanga na hiyo hewa. Ukiongeza mwanga bila kuongeza hewa mmea unafika mahali unasema imetosha, mwanga unaobaki unabaki kwa anayeweza kuishi kwa vichache, naye ni mwani. Kwa hiyo taa kubwa kwenye tangi la mimea ya polepole haikupi mimea mikubwa, inakupa kazi ya kusugua kioo Jumamosi.

Sasa namba. Kipimo cha haraka ambacho wafugaji wengi wanakitumia ni lumeni 10 hadi 20 kwa lita kwa mimea rahisi, 20 hadi 40 ni mwanga wa kati, juu ya 40 hapo unaongelea mtungi wa gesi. Taa yangu 2,000 gawanya kwa 55 ni kama 36 kwa lita. Yaani ikiwa wazi yote ni zaidi ya mara mbili ya ninachohitaji! Nikiishusha hadi asilimia 40 nabaki na kama 14 au 15, na hapo ndipo ilipo. Najua lumeni ni kipimo cha jicho la binadamu na siyo cha mmea, wenye vifaa vya kupima mwanga unaotumiwa na mmea wanalenga PAR, yaani kipimo cha huo mwanga, ya 15 hadi 30 pale chini kwenye mchanga kwa mimea ya aina hii, lakini kifaa chenyewe bei yake ni kubwa kuliko tangi na samaki wake, mtu wa kawaida atumie lumeni, haitamtupa mbali. Kumbuka pia kimo, anayeweka taa kwenye tangi lenye kina cha sm 50 atahitaji zaidi kidogo, na Anubias iliyobandikwa juu kabisa ya gogo karibu na taa inapata mwanga mwingi kuliko Cryptocoryne iliyoko chini ingawa taa ni moja. Mimi Anubias nimeziweka upande wa chini wa gogo, kwenye kivuli cha gogo lenyewe, na Bucephalandra ndizo nimezipa sehemu ya wazi kidogo.

Masaa ni saba, saa nane mchana hadi saa tatu usiku. Wengi wanawasha asubuhi wakitoka kwenda kazini wanazima wakilala, unakuta ni masaa kumi na nne, halafu wanauliza mwani unatoka wapi. Samaki hawahitaji taa kuona, dirisha linawatosha, taa ni ya mimea na ya macho yako wewe, kwa hiyo iwashe muda ambao upo nyumbani. Masaa sita hadi nane yanatosha kabisa.

Umeme kwa wanaouliza: wati 24 kwa masaa saba kila siku ni kama uniti tano kwa mwezi ikiwa wazi yote, kwa asilimia 40 ni kama mbili. Haigusi LUKU yako, pampu ya hewa inayokesha kila siku inaifikia na hakuna anayeilalamikia.

Kwa rangi taa hii iko vizuri. Nyeupe yake haina ule ubluu wa duka la simu, kijani kinaonekana kijani, neoni ule mstari wao unang'aa vizuri, na Bucephalandra ile yenye majani ya kumetameta ndipo unaona kwa nini watu wanatoa hela kwa kijani kidogo kutoka Borneo. Balbu nyekundu zinasaidia muonekano tu, usidanganywe na boksi kwamba nyekundu na bluu ndizo "za mimea", nyeupe ya kawaida ina rangi zote hizo ndani yake na mimea inakua nayo freshi kabisa.

Mbona basi tatu na nusu? Kwanza, umeme wa mtaa ukikatika ukarudi kwa kishindo, taa inasahau kila kitu na kuwaka asilimia 100, ingawa taima ikiizima na kuiwasha haisahau. Kila mara. Sasa wewe unajua umeme wetu, ukatike saa tisa mchana urudi saa kumi na mimi niko kazini, mimea inakula mwanga wa mara mbili na nusu mpaka nitakaporudi. Siku moja moja siyo ishu, ila wiki ya mgao ni ishu, na wiki ya mgao ndiyo nukta za kijani zinaanza kuonekana kwenye majani ya juu. Dawa yangu ya kienyeji ni kupandisha taa juu zaidi, nimeweka vipande vya mbao chini ya miguu yake ikapaa kama sm 12 juu ya maji, pamoja na mimea ya kuelea inayofunika kama theluthi ya uso wa maji, kwa hiyo hata ikisahau haiunguzi. Ya kuelea natumia Salvinia ya kununua. Tafadhali usiende ziwani kuokota magugu maji ukaleta nyumbani, na hiyo Salvinia yenyewe ukiipunguza kausha juani kisha tupa takatakani, usimwage mtaroni, yaliyotokea Ziwa Victoria yanatosha.

Pili ni miguu, plastiki yake nyepesi na inacheza, mwenye watoto au paka aifunge kwa kitu. Tatu, boksi linadai haipitishi maji ila pale waya unapoingia naona gundi tu imepakwa, mimi siiamini, kwa hiyo waya nimeuacha uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda tena, maji yakiufuata yadondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Fanya hivyo hata kwa taa ya bei mbaya. Na futa kioo cha taa kila unapobadili maji, hasa wewe wa maji ya kisima yenye chumvichumvi, yale madoa meupe yanayoganda yanakula mwanga taratibu.

Taima. Ile ya kuzungusha yenye vijino pembeni inaendeshwa na umeme wenyewe, umeme ukikatika inasimama, ukirudi inaendelea ilipoishia. Mgao wa masaa manne maana yake taa inayotakiwa kuzima saa tatu usiku itazima saa saba usiku, na kesho itawaka saa kumi na mbili jioni, na itaendelea hivyo hadi utakapokumbuka kuizungusha tena. Kwa nchi yenye umeme usiokatika ni kifaa kizuri, kwetu hapana. Nunua ya kidijitali yenye kibetri ndani, inalinda saa yake hata umeme ulale siku nzima. Tofauti ya bei ni ndogo, nimeshanunua na ya kuzungusha nimempa dada kwa ajili ya taa ya getini.

Sasa chupa, ambayo ndiyo niliyokuwa na hamu ya kuiandikia. Tropica ni kampuni ya Denmark, ilianzishwa 1970 na Holger Windeløv, na kama umewahi kuona ile Microsorum yenye ncha zilizochanika chanika na inauzwa kwa jina Windeløv, ndiyo huyo huyo. Mimi sijaikuta dukani hapa Dar, nililetewa na ndugu aliyekuwa anatoka Ujerumani, kwa hiyo bei ya hapa siwezi kukuambia. Wanazo mbolea mbili za maji na watu hawazitofautishi. Premium Nutrition haina naitrojeni wala fosforasi, ina potasiamu, magnesiamu, chuma na yale madini madogo madogo. Specialised Nutrition ina hayo yote pamoja na naitrojeni na fosforasi. Jina limekaa vibaya, ukisikia "premium" unadhani ndiyo kubwa yao, kumbe yenye vitu vyote ni hiyo nyingine.

Ipi uchukue inategemea samaki wako, siyo mimea yako. Tangi lililojaa samaki wanaolishwa mara mbili kwa siku tayari lina naitrojeni na fosforasi kutoka kwenye kinyesi na mabaki ya chakula, ukiwa hivyo chukua Premium, utajazia kinachokosekana tu. Tangi la samaki wachache kama langu, mimea mingi, chakula kidogo, naitreti (naitrojeni iliyoyeyuka majini) inaweza kushuka hadi sifuri, hapo ni Specialised. Nunua vile vijiti vya kupimia maji, chovya, ukikuta naitreti iko miligramu 20 kwa lita na zaidi bila kuweka chochote basi chupa ya naitrojeni huihitaji, usijitwishe.

Lebo inasema ml 6 kwa lita 50 kwa wiki. Kwangu ingekuwa kama ml 6 na nusu. Mimi naweka 3 kwa wiki, chini ya nusu, nimezigawa mara mbili, natumia bomba la sindano la ml 5 kutoka duka la dawa bila sindano yake. Dozi ya lebo imepangwa kwa matangi ya kila aina, na mimea ya polepole ni mgeni asiyekula sana, ukimrundikia sahani chakula kinabaki mezani. Kwa asilimia zilizoko kwenye lebo, naitrojeni 1.34, fosforasi 0.10, potasiamu 1.03, chuma karibu 0.07, hizo ml 3 kwenye lita 55 zinaongeza kiasi cha kama miligramu 3 na ushee kwa lita ukiihesabu kama naitreti. Ni kidogo na ndiyo ninachotaka. Na hata mimea isingekula kabisa, kwa mtu anayebadili robo ya maji kila wiki kama mimi, kinachorundikana hakiwezi kuzidi mara nne ya dozi ya wiki, yaani kama 13 au 14 kwa upande wa mbolea, haifiki pa kutisha. Hiyo hesabu ya mara nne ndiyo inayonipa usingizi kuliko vijiti vya kupimia, maana vijiti navyo vina uongo wake.

Kwa kiwango hicho chupa ya ml 300 inanichukua karibu miaka miwili! Kwa hiyo wenye matangi madogo ya mimea ya polepole msibebe chupa kubwa, ile ya ml 125 inakupeleka miezi tisa na zaidi, inatosha, ikae kabatini mbali na jua na joto la jikoni.

Nimeona nini? Sitaki kuongopa kwamba mimea imelipuka, mimea hii hailipuki. Nilichoona ni majani mapya ya Anubias kutoka na ukubwa uleule wa yale ya zamani badala ya kudumaa, Microsorum kuacha kutoboka matundu madogo kwenye majani ya zamani, na zile nukta za kijani kupungua kwenye majani mapya. Hilo la mwisho linawashangaza watu, unawekaje mbolea mwani ukapungua? Nukta za kijani mara nyingi zinapenda tangi ambalo fosfeti (fosforasi iliyoyeyuka majini) imeisha huku mwanga ni mkali. Ukishusha mwanga na kuirudisha fosfeti kidogo zinakosa nafasi kwenye majani mapya. Yale ya zamani yenye nukta hayatakatika yenyewe, hayo utaishi nayo au utayakata moja moja.

Jamaa yangu wa Tabata alikuwa na chupa hiihii, akaweka dozi kamili, taa wazi yote masaa kumi na mbili, akapata ule mwani mweusi wa manyoya kwenye kingo za Anubias zake zote, akailaumu mbolea. Tulichobadili kwake ni taa kwanza, masaa yakashuka hadi sita na taa ikapandishwa juu, filta ikasafishwa maana ilikuwa imejaa uchafu hadi maji yanapita kwa kubembelezwa, na maji yakabadilishwa kila wiki. Mbolea aliendelea nayo. Mwani mweusi ukaacha kusambaa. Kwa tangi la mimea ya polepole ukiona mwani, mkono uende kwenye swichi ya taa kabla haujaenda kwenye chupa.

Nimelinganisha pia na Flourish ya Seachem, ambayo ndiyo watu wengi wanaitaja. Ni chupa nzuri kwa kazi yake, dozi yake ni ml 5 kwa lita 250 mara moja au mbili kwa wiki, kwa hiyo inadumu mno. Ila soma lebo: naitrojeni 0.07, fosforasi 0.01, potashi 0.37, chuma 0.32. Hiyo ni chupa ya chuma na madini madogo, siyo chakula kamili, na Seachem wenyewe wanauza naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwenye chupa zao tofauti. Kwa mwenye samaki wengi Flourish peke yake inaweza kumtosha. Kwa mwenye tangi kama langu angehitaji chupa tatu nne kabatini, mimi sina subira hiyo.

Dalili za upungufu nitazipitia haraka tu. Jani la zamani linageuka njano lote, angalia naitrojeni. La zamani linatoboka vitundu vyenye kingo za njano, potasiamu. Jipya linatoka jeupejeupe huku mishipa imebaki kijani, chuma. Ambayo mmea unaweza kuyahamisha kutoka jani la zamani kwenda jipya yanaonekana kwenye la zamani kwanza, chuma hakihamishiki ndiyo maana kinaonekana kwenye jipya. Na tafadhali, vile vidoadoa vya kahawia vilivyojipanga chini ya jani la Microsorum siyo ugonjwa wala njaa, ni vifuko vya spora zake, ambazo kangaga huzaliana nazo badala ya mbegu, kangaga nyingi zinafanya hivyo. Kuna watu wanakata majani mazuri kabisa kwa hofu hiyo. Shina lake nene linalolala, sawa na la Anubias, lisifukiwe mchangani, likifukiwa linaoza na hakuna mbolea itakayoliokoa.

Cryptocoryne ndiyo pekee ambayo chupa hii haimalizi kazi. Ile inakula sana kwa mizizi. Kwenye mchanga wa kawaida wa mtoni usio na rutuba unahitaji vidonge vya kufukia karibu na mizizi, Tropica wanavyo vya kapsuli, kampuni nyingine pia, kimoja karibu na kila kichaka kila baada ya miezi michache kisha unaisahau. Ukiihamisha majani yake yanaweza kuyeyuka yote, usiing'oe, mizizi ikiwa mizima itatoa mengine. Nusu nyota niliyoipunguza kwenye mbolea imeenda huku, na kwenye jina lao la kuchanganya.

Kuna watakaosema, mbona mbolea zipo duka la pembejeo kwa bei ya bure. Zipo, lakini inategemea ipi. Urea, DAP, CAN na ile NPK ya punje za shambani weka mbali kabisa na tangi, naitrojeni yake iko kwenye umbo la amonia au inaishia kuwa amonia, na kwenye maji yenye pH (kipimo cha asidi) ya juu amonia inakuwa sumu kali zaidi, utaamka samaki wote wako juu wanapumua kwa shida. Zinazofaa ni zile za unga za kuyeyuka kabisa wanazotumia wakulima wa kitalu nyumba kwenye umwagiliaji wa matone: potasiamu naitreti iliyoandikwa 13-0-46 na ile ya fosfeti 0-52-34. Nusu gramu ya hiyo ya kwanza kwenye lita 55 inapandisha naitreti kwa miligramu 5 na nusu hivi kwa lita, ya fosfeti unahitaji chembe tu. Kwa anayefuga matangi matano hiyo ndiyo njia, atahitaji mizani ndogo ya vito na chupa ya madini madogo pembeni, na potasiamu naitreti aitunze mbali na moto maana inachochea kuungua. Kwa tangi moja sebuleni, kilo nzima ya unga utaizeesha wewe na wajukuu, nunua chupa.

Bolbitis ndiyo iliyonisumbua katika hii seti yote na sidhani taa wala mbolea zinahusika. Ni kangaga ya kwetu kabisa, ipo hadi Kongo kwenye mito yenye mkondo, lakini inapenda maji ya ubaridi ubaridi na yanayotembea, na Dar kuanzia Desemba hadi Machi maji ya tangi yanagonga nyuzi 30. Majani yanatoka mafupi na meusi kidogo. Mwenye tangi Arusha, Iringa au Nairobi ataiona tofauti kabisa. Na wenye samaki wa Ziwa Tanganyika, wale wa kutoka Kigoma wanaotaka maji magumu yenye pH inayokaribia 9, Anubias na Microsorum zinavumilia maji hayo na samaki wengi hawazitafuni kwa ugumu wa majani yake, mwanga na dozi ni hizihizi za chini.

Kwa hiyo kama tangi lako ni la Anubias na wenzake na una hela ya kitu kimoja tu mwezi huu, nunua taima ya kidijitali kwanza kabla ya hiyo chupa na kabla ya kubadili taa uliyonayo, ya zamani ukiipandisha juu kidogo inaweza kukufaa. Chupa ifuate. Taa mpya ndiyo ya mwisho, na mwenye kuijua ya bei ya kawaida inayokumbuka asilimia yake umeme ukikatika aniambie jina, hii yangu naiuza hata kesho.